Ushindi wa de Angelis pale Imola 1985 haukuwa wa mezani

Mhariri,

Katika mjadala wa mashabiki wa langalanga (Formula One) kwenye kurasa za michezo, imerudiwa mara kadhaa kwamba Elio de Angelis alipewa ushindi wa mezani katika San Marino Grand Prix ya 1985, kwamba Ayrton Senna na Stefan Johansson waliangushwa na mkosi, na kwamba Alain Prost alinyang'anywa pointi 9 na mizani. Naomba nafasi nipinge madai yote matatu. Mbio zile ziliamuliwa na hesabu ya lita na kilo. Kila timu iliijua hesabu hiyo kabla injini hazijawashwa, na dereva wa mbele aliyeitimiza yote alikuwa mmoja tu.

Nianze na yaliyotokea, maana naona yanasimuliwa vipandevipande. Ilikuwa Mei 5, 1985, katika uwanja wa Imola, Italia. Mizunguko 60 ya kilomita 5.04 kila mmoja, jumla kilomita 302.4. Senna alianza mbele na Lotus-Renault yake (gari la Lotus, injini ya Renault), akaongoza karibu mbio zote, kisha kwenye mzunguko wa 57 tangi likakauka. Uongozi ukamwangukia Johansson wa Ferrari, aliyeanzia nafasi ya 15 na aliyekuwa katika mbio zake za pili tu na timu hiyo. Waitaliano jukwaani hawakupata hata nafasi ya kushangilia sawasawa kabla naye hajaishiwa. Prost akapita na McLaren-TAG, akapata bendera ya miraba, halafu petroli ikamwishia akiwa katika mzunguko wa kupoza gari. Thierry Boutsen wa Arrows-BMW aliishiwa karibu na mstari, akashuka na kulisukuma gari hadi likavuka. Nelson Piquet wa Brabham-BMW alikwama kwa ukame huohuo. Gari la Prost lilipopimwa likakutwa chini ya uzito unaotakiwa kwa kilo 2, akafutiwa matokeo. Orodha iliyobaki ikawa de Angelis, Boutsen, Patrick Tambay wa Renault, Niki Lauda, Nigel Mansell, na Johansson wa 6 kwa mizunguko 57 aliyokuwa amekamilisha.

Kuna mambo mawili katika orodha hiyo ambayo wanaosema "mezani" huyaruka. La kwanza, ukiliweka kando gari la Prost ambalo halikuwa halali, de Angelis ndiye dereva pekee aliyekamilisha mizunguko yote 60. Boutsen na Tambay walikuwa mzunguko mzima nyuma yake. La pili ndilo zito zaidi: de Angelis na Senna walikuwa timu moja. Gari lilelile, Lotus 97T. Injini ya Renault ileile. Lita 220 za petroli zilezile. Mmoja akakauka mzunguko wa 57, mwingine akafika. Mkosi hauwezi kuelezea tofauti hiyo, lakini mguu wa kulia unaweza.

Ili msomaji aelewe uzito wa lita 220, inafaa ajue sheria zilifikaje hapo. Renault walileta turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, pale Silverstone, Uingereza, mwaka wa 1977, wakitumia ruhusa iliyokuwepo siku nyingi: injini ya lita 1.5 yenye kusukumiwa hewa dhidi ya injini ya lita 3.0 inayovuta hewa yenyewe. Kufikia 1982 Brabham walikuwa wanaanza na tangi nusu na kusimama katikati ya mbio kujaza. Kuanzia 1984 kujaza mafuta wakati wa mbio kulipigwa marufuku, na tangi likawekewa kikomo cha lita 220. Kwa hiyo mwaka wa 1985 dereva alipewa lita 220 za kumtosha safari nzima, ukiwemo mzunguko wa kupanga magari kabla ya kuanza. Hakukuwa na kituo njiani.

Sasa tugawanye. Lita 220 kwa mizunguko 60 ni lita 3.67 kwa mzunguko, yaani takribani lita 73 kwa kila kilomita 100. Lakini zote 220 hazipatikani kwa mbio. Tutenge lita 2 za mzunguko wa kupanga magari, na lita 1 itakayobaki chini ya tangi ambapo pampu haiifikii. Zimebaki 217, sawa na lita 3.62 kwa mzunguko. Sasa tuseme dereva anazidisha mililita 220 tu kila mzunguko, kiasi ambacho hakijazi chupa ndogo ya soda. Matumizi yake yamekuwa lita 3.84. Gawanya 217 kwa 3.84 upate 56.5. Atasimama katikati ya mzunguko wa 57.

Lita zile 3 nilizozitenga ni makadirio yangu ya kifundi, lakini hata ukizibadilisha kidogo jibu halisogei mbali. Kosa la asilimia 6 linakula mizunguko mitatu na nusu ya mwisho, na halionekani mapema. Kwenye mzunguko wa 20 aliyezidisha ana lita 4 na ushee pungufu tu kuliko mwenzake, na gari lake ni jepesi kwa kilo tatu hivi. Anaonekana shujaa. Deni hujitokeza mwishoni, wakati ambapo hata akipunguza mwendo haliwezi kulipika: mizunguko 10 kabla ya mwisho, kufidia upungufu wa lita 11 kungemlazimu atumie chini ya lita 2.6 kwa mzunguko. Hapo angekuwa anatembea, si kushindana.

Asilimia 6 hiyo hutoka wapi? Chanzo cha kwanza ni presha ya turbo. Dereva wa enzi hiyo alikuwa na kirungu cha kuzungusha ndani ya gari kilichopandisha au kushusha presha. Ukitoka bar 3.0 hadi 3.2 (bar ni kipimo cha presha) umeingiza hewa zaidi kwa karibu asilimia 7 kila unapokanyaga hadi mwisho, na kila hewa inayoingia inadai petroli yake. Ukiisukuma hewa bila kuilisha, mchanganyiko unakuwa mwembamba, moto ndani ya silinda unapanda, injini inaanza kugonga (petroli kulipuka ovyo silindani) na pistoni inatoboka. Wale wanaodhani dereva angeweza kuendelea na presha ya juu huku akibana petroli hawajawahi kufungua injini iliyofanyiwa hivyo.

Hapa niongeze jambo ambalo halielezwi vya kutosha. Injini ya turbo inayokazwa haichomi petroli yote inayopewa. Kwa uchomaji kamili, kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa. Chini ya presha kubwa mafundi huilisha kwa uwiano wa 12 kwa 1, wakati mwingine mzito zaidi, kwa sababu petroli ya ziada inapogeuka mvuke hunyonya joto na kuipoza silinda. Sehemu ya lita 220 kwa hiyo ilikuwa maji ya kupozea kwa jina lingine. Timu iliyoweza kupoza hewa ya turbo vizuri zaidi kwenye intakula (kipoza hewa), na kupima petroli kwa usahihi zaidi, iliweza kupunguza ziada hiyo bila kuua injini. Ndiyo maana injini ya TAG iliyotengenezwa na Porsche, ikiongozwa na kompyuta ya Bosch Motronic, iliwapa McLaren faida kubwa mwaka wa 1984 na 1985. Kompyuta ilipima kasi ya injini, presha na joto la hewa, ikaamua muda wa kufungua nozeli za kunyunyizia petroli na wakati wa plagi kuwaka. Ule mfumo wa zamani wa pampu ya kimakanika ulikuwa unakisia, tena ukikisia kwa upande wa kumwaga.

Chanzo cha pili ni uwanja wenyewe. Imola ya wakati huo ilikuwa inakausha matangi kuliko karibu viwanja vyote vya msimu. Kutoka kona ya Rivazza gari lilipita mbele ya majukwaa, likaingia Tamburello na kona ya Villeneuve dereva akiwa amekanyaga hadi mwisho, kisha breki kali pale Tosa. Baada ya hapo mlima kuelekea Piratella, mteremko hadi Acque Minerali, mlima tena hadi Variante Alta, mteremko hadi Rivazza. Kila breki kali inaitupa nguvu uliyoinunua kwa petroli, halafu unainunua upya, mara nyingine ukipanda mlima. Dereva anayebana petroli katika uwanja wa aina hii huachia mafuta mita kadhaa kabla ya alama ya breki na kuliacha gari lijiendee, na hupandisha gia mapema bila kungoja injini ifike mwisho wa kasi yake. Anapoteza sehemu moja au mbili za kumi za sekunde kila mzunguko. Kwa mizunguko 60 hiyo ni sekunde 6 hadi 12, bei nafuu sana ukilinganisha na kusimama.

Chanzo cha tatu ni kazi ya kupita wengine. Aliyeanzia nafasi ya 15 kama Johansson hana budi kupita magari mengi, na kila anapopita anaongeza presha, anakanyaga mapema na kufunga breki kwa kuchelewa. Mbio zake zilikuwa nzuri kuzitazama na ghali kuzilisha. Simdharau hata kidogo. Namwona kama dereva aliyeendesha kwa moyo wote. Lakini moyo haumo katika zile lita 220.

Wasomaji wengine wamesema timu zilikuwa na ujanja wa kuongeza petroli ndani ya kikomo, hivyo hesabu haikuwa sawa kwa wote. Kweli ujanja ulikuwepo, na ulikuwa wazi kwa kila timu. Sheria ilipima lita, na lita hubadilika na joto. Petroli hutanuka takribani sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ipoze kutoka nyuzi 25 hadi 5 chini ya sifuri, na katika tangi la lita 220 utakuwa umeingiza petroli ambayo kwenye joto la kawaida ingejaza lita 226. Lita 6 za ziada pale Imola ni zaidi ya mzunguko mmoja na nusu. Tatizo lake ni muda. Petroli baridi ikikaa kwenye tangi huku jua likiwaka na magari yakisubiri kuanza, hupata joto, hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kuanza kukichelewa, unaimwaga ile faida chini.

Kwa kuwa nimegusa hapo, nijibu ushauri unaozagaa hapa Nairobi kwamba ukijaza gari alfajiri unapata petroli nyingi zaidi. Kanuni ya kutanuka ni ya kweli, lakini matangi ya vituo vyetu yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Hata tofauti ikiwa nyuzi 2, katika lita 40 unapata mililita 80. Usiamke kwa ajili hiyo.

Njia nyingine ilikuwa kuongeza uzito wa mafuta yenyewe. Petroli ya kawaida ina uzito wa gramu 750 hivi kwa lita. Tolueni, kimiminika kinachoweza kuchanganywa na petroli, ina gramu 870 hivi kwa lita na hustahimili kugonga vizuri sana. Mafuta yaliyojazwa tolueni yalibeba nishati zaidi katika kila lita bila kuvunja kikomo cha oktani 102 (oktani ni kipimo cha kustahimili kugonga). Honda walifika mbali zaidi ya wote: mwaka wa 1988 walitumia mchanganyiko wa asilimia 84 tolueni na asilimia 16 heptani. Mafuta hayo hayageuki mvuke kwa urahisi, hivyo ilibidi yapashwe joto kabla ya kufika kwenye nozeli, la sivyo yangeingia silindani yakiwa matone na kuchomeka vibaya.

Kuhusu ile lita ya chini ya tangi. Tangi la langalanga la enzi hiyo ni mfuko mgumu wa mpira uliokaa nyuma ya mgongo wa dereva, umejazwa sponji ya kuzuia petroli isisukwesukwe. Likiwa limejaa, pampu haina shida. Likibaki na lita chache, kila kona inaisukuma petroli upande mmoja na pampu inafyonza hewa. Mafundi huweka kichupa kidogo ndani ya tangi, chenye milango inayoruhusu petroli kuingia na kuizuia kurudi, ili pampu ipate akiba ya sekunde kadhaa. Tatizo la pili hapo ni joto. Petroli ambayo haikutumika kwenye injini hurudi tangini ikiwa ya moto, na tangi linavyopungua joto hilo hugawanywa kwa petroli kidogo zaidi, hadi mvuke unaanza kutokea kwenye mpira wa kuifyonza. Injini inakohoa ingawa petroli bado ipo. Mwaka uliofuata, 1986, palepale Imola, Prost alilitikisa gari kushoto na kulia katika kona za mwisho ili petroli iliyobaki ielekee kwenye pampu, akajikokota hadi mstari akashinda. Waliotazama waliona dereva anayecheza. Kwa kweli alikuwa anakusanya kikombe cha mwisho. Keke Rosberg, mwenzake katika McLaren, aliishiwa katika mbio hizohizo.

Sasa mizani, ambayo ndiyo imezaa neno hilo la mezani. Uzito wa chini wa gari mwaka wa 1985 ulikuwa kilo 540 bila dereva. La Prost lilikuwa pungufu kwa kilo 2. Kilo 2 ni sawa na lita 2.7 hivi za petroli, chini ya matumizi ya mzunguko mmoja pale Imola. Wanaomtetea husema ni kidogo mno kumnyima ushindi. Lakini gari hupungua uzito likikimbia: matairi hulika, diski za kaboni na pedi zake hulika, mafuta ya injini huchomeka. Fundi anajua hivyo na huacha akiba ya kilo kadhaa. Anayeikata akiba hiyo anafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu gari jepesi hukimbia zaidi na hunywa kidogo. Maana yake, ule upungufu wa kilo 2 na zile lita 220 ni hesabu moja. Gari lililo chini ya uzito limejipunguzia mzigo wa kubeba katika kila mlima wa mizunguko 60, na mwenye gari halali hakupata nafuu hiyo. Sidai kwamba McLaren walikusudia kudanganya. Nasema mizani haikumwonea mtu.

Ushindi wa mezani katika kandanda ni pale ambapo timu inapewa mabao bila kucheza. De Angelis aliendesha kilomita 302.4 kwa saa moja na dakika 34, kwa wastani wa karibu kilomita 192 kwa saa, akitumia takribani lita 140 kwa saa, na gari lake likapita kila kipimo. Wala hakuwa dereva wa kubahatisha msimu ule. Alikuwa wa 3 Brazil na wa 4 Ureno, na baada ya Imola alikuwa anaongoza ubingwa kwa pointi 16 dhidi ya 12 za Michele Alboreto wa Ferrari. Ushindi wake mwingine, Austria 1982, aliupata kwa tofauti ya sehemu tano za mia za sekunde mbele ya Rosberg. Alifariki Mei 1986 kutokana na ajali ya majaribio pale Paul Ricard, Ufaransa. Alishinda mara mbili tu katika langalanga, na ni haki yake zote mbili zihesabiwe kamili.

Na Prost? Alitwaa ubingwa wa mwaka huo kwa pointi 73, Alboreto akiwa na 53. Imola haikumgharimu taji.

Mhariri, nina sababu ya karibu zaidi ya kuomba jambo hili lielezwe vizuri. Jiji hili limejaa magari ya turbo kutoka Japani, na vijana wengi wanapandisha presha kwa kusikia simulizi za zile injini za nguvu ya farasi 1,000. Kuna mambo matatu hawaelezwi.

Kwanza, bar za langalanga zilihesabiwa kuanzia ombwe tupu. Bar 2.5 ya sheria ya 1988 ni bar 1.5 tu kwenye geji ya kawaida ukiwa Mombasa, kwa kuwa hewa ya pwani yenyewe ni bar 1. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni bar 0.82 hivi. Geji ikionyesha bar 1, injini ya Mombasa inapata 2.0 na ya Nairobi inapata 1.82. Ukitaka kuifikisha sawa na ya pwani, turbo lazima izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Turbo ndogo hufika mwisho wake hapo, na beringi zake ndizo hulipa. Lakini mwinuko huohuo ndio uliowapa Renault raha Kyalami, Afrika Kusini. Injini za kuvuta hewa zenyewe zilikosa pumzi kule, na Jean-Pierre Jabouille akaipatia turbo nafasi yake ya kwanza ya kuanzia mbele mwaka wa 1979, René Arnoux akashinda mwaka wa 1980. Sisi tuko juu kuliko Kyalami, na ndiyo maana Toyota Celica Twincam Turbo ilikuwa moto katika Safari Rally: Björn Waldegård alishinda 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Tofauti ni kwamba gari la Safari linajazwa njiani. La Imola halikujazwa.

Pili, pima pampu ya petroli kabla ya kugusa presha. Injini ya turbo ya farasi 250 ikikanyagwa hadi mwisho hunywa takribani lita 110 kwa saa, karibu lita 1.85 kwa dakika. Injini ikiwa baridi, kizima moto kikiwa karibu na bila cheche yoyote, chomoa mpira wa kurudisha petroli tangini, uelekeze kwenye chombo chenye alama za ujazo, na uiwashe pampu peke yake kwa sekunde 30. Ukipata chini ya lita 1.1 huna akiba ya kutosha. Kipimo hicho kifanywe huku rekuleta (kidhibiti) ya presha ya petroli ikisukumiwa hewa kwa pampu ya mkono kwa kiwango cha busti (presha ya turbo) unachokusudia, maana rekuleta hupandisha presha ya petroli kwa kadiri ya busti na pampu hutoa kidogo zaidi inapopambana na presha kubwa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ya pampu mara nyingi ni ya mtiririko usio na kizuizi.

Tatu, mchanganyiko mwembamba hauna huruma na hautoi onyo refu. Plagi ikitoka nyeupe kama chaki au ikiwa na vitone vidogo vya aluminiamu, pistoni imeanza kuliwa, mara nyingi ukingoni upande wa valvu za moshi. Ukiona hivyo, rudisha presha chini siku hiyohiyo. Weka kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, uwiano usipite 12 kwa 1 ukiwa chini ya busti, ndipo uongee habari za farasi.

Na kwa anayedhani kikomo cha petroli kiliua mbio, uwanja uleule ulitoa jibu. Mwaka wa 1988 sheria ilishusha tangi la magari ya turbo hadi lita 150 na presha hadi bar 2.5. Imola ilibaki na mizunguko 60, kwa hiyo kila mzunguko ulipewa lita 2.5 badala ya 3.67. Senna na Prost, sasa wote wakiwa na McLaren-Honda, walimaliza wa kwanza na wa pili na kumpita kila dereva mwingine kwa mzunguko mzima. Ni Senna yuleyule aliyekauka miaka mitatu nyuma akiwa na lita 70 zaidi. Turbo zilipigwa marufuku mwaka wa 1989, na ziliporudi mwaka wa 2014 sheria ziliandika kikomo kwa kilo: kilo 100 kwa mbio nzima. Ninaomba dawati la michezo likiripoti mbio za sasa litupe pia hesabu hiyo ya kilo, gari lilianza na ngapi na linazitumia vipi, pamoja na nani alimpita nani.

Fundi wa injini za turbo,
Kirinyaga Road, Nairobi